MWASHO USIOKWISHA
Asili ya maradhi ya ngozi yanayowanyima watu usingizi

Mchana kutwa mtu aweza kulima shamba lake, au kuandika barua za ofisi, asiikumbuke ngozi yake hata mara moja. Jua likisha kuchwa, na mwili ukipata joto la blanketi, mwasho huanza: katikati ya vidole, penye vifundo vya mikono, viwikoni, kiunoni panapofungwa mshipi, na katika sehemu za siri. Mtoto hujikuna mpaka damu ikatoka. Mama huamka mara tatu nne. Baba, ambaye imempasa kuwahi basi la alfajiri, hulala macho wazi. Majuma kadhaa yakipita, mwalimu huleta habari kwamba mtoto asinzia darasani, na hapo ndipo maneno yanapoanza nyumbani. Mmoja husema ni damu chafu. Wa pili husema ni maji ya kisima kipya. Wa tatu humtazama jirani kwa jicho baya.

Damu haina hatia, wala jirani. Katika nyumba ambamo watu wawili watatu wanawashwa pamoja, na mwasho wao ukazidi usiku, mshitakiwa wa kwanza ni upele. Maradhi haya yapo duniani kote, na mwaka 2017 Shirika la Afya la Dunia liliyaingiza katika orodha ya maradhi ya nchi za joto yaliyosahauliwa. Neno hilo la kusahauliwa lina ukweli, maana upele hauui upesi, na kwa hiyo watu huuchukulia kuwa ni jambo la aibu tu, la kufichwa chini ya mikono mirefu ya shati.

MDUDU ACHIMBAYE KAMA FUKO

Mdudu wa upele ni wa jamii ya kupe na utitiri. Ana miguu minane, na urefu wa jike haufiki nusu milimita, hata jicho la mtu haliwezi kumtambua ila kama nukta, nalo liwe jicho kali. Jike hutoboa ngozi ya juu na kuchimba njia ndani yake, kama vile fuko achimbavyo chini ya viazi. Humo hutaga mayai mawili au matatu kila siku kwa muda wa mwezi mmoja au zaidi. Mayai huanguliwa baada ya siku 3 au 4, na watoto hutoka juu ya ngozi kutafuta mahali pao wenyewe.

Jambo ambalo huwapotosha watu wengi ni hili. Mwasho wenyewe hauletwi na kuchimba. Ni mwili unaomkataa mdudu, mayai yake na kinyesi chake, nao mwili huhitaji muda wa kujifunza. Mtu akipata upele kwa mara ya kwanza maishani mwake, huenda zikapita wiki 4 hadi 6 kabla hajaanza kujikuna. Katika wiki hizo zote anao wadudu, analala na ndugu zake, anamshika mtoto wake mikono, naye hajui neno. Akiupata mara ya pili, mwili unakumbuka, na mwasho huja katika siku 1 hadi 4. Basi yule aliyeanza kujikuna kwanza katika nyumba huenda siye aliyeuleta, na kumlaumu mgeni aliyelala juzi ni kazi bure.

Habari za mdudu huyu hazikukubaliwa kwa urahisi. Mwaka 1687 Mwitalia Giovanni Cosimo Bonomo, pamoja na mwuza dawa Diacinto Cestoni, walimtoa mdudu katika ngozi ya mgonjwa, wakamtazama kwa darubini ya vidudu na kuchora picha yake. Waganga wakuu wa zama zile waliendelea kufundisha kwamba upele hutokana na uchafu wa damu, na ikapita karibu miaka 150. Mwaka 1834, katika mji wa Paris, mwanafunzi mmoja aitwaye Renucci, mwenyeji wa kisiwa cha Corsica, aliwaonyesha mabwana wakubwa jinsi ya kumtoa mdudu kwa ncha ya sindano. Ufundi huo aliuona kwa wanawake wa mashambani huko kwao, ambao walikuwa wakiwatoa wadudu hao siku zote, bila ya kusoma kitabu chochote.

Wasemaji wa Kiswahili nao walijua jambo lao. Unga wa manjano ambao wataalamu huuita salfa, jina lake la zamani katika lugha hii ni kibiriti upele. Walioupa jina hilo walijua unapakwa wapi. Hata leo marhamu ya salfa ni miongoni mwa dawa zinazokubalika, hasa kwa watoto wachanga na wanawake wenye mimba, ijapokuwa harufu yake haimpendezi mtu.

JE, NI BLANKETI AU NI NGOZI?

Wakati wa Vita Kuu ya Pili askari wengi wa Uingereza walishikwa na upele, na serikali yao ikatumia fedha na makaa mengi kuyachoma moto kwa mvuke mablanketi na nguo za ndani. Mwaka 1941, katika mji wa Sheffield, mtaalamu wa wadudu Kenneth Mellanby aliwakusanya wanaume ambao walikataa kupigana kwa ajili ya dhamiri zao, nao wakajitolea kujaribiwa. Walilala bila nguo katika mablanketi ya askari wagonjwa, ambayo hayakufuliwa. Walivaa nguo za ndani zilizotoka miilini mwa wagonjwa. Karibu wote hawakupata kitu. Lakini walipolala kitanda kimoja na mgonjwa, ngozi kwa ngozi, waliambukizwa. Mellanby aliona pia kwamba mgonjwa wa kawaida hana wadudu maelfu, kama watu wanavyodhani. Kwa wastani aliwakuta majike 11 tu katika mwili mmoja.

Kutokana na habari hizi mtu aweza kuona kwa nini upele hupenda nyumba zenye watu wengi na vyumba vichache, mabweni ya shule, magereza na kambi za wakimbizi. Si kwa sababu watu hao ni wachafu. Mtu aweza kuoga asubuhi na jioni, na mdudu akabaki salama ndani ya shimo lake. Ni kwa sababu watoto wanne wanalala kitanda kimoja. Wale ambao wamezoea kumcheka mwenye upele kwamba haogi wangefaa wajue hayo.

Yuko mgonjwa mmoja ambaye si wa kawaida. Mzee sana, au mtu ambaye nguvu za mwili wake zimepungua kwa maradhi mengine, aweza kupata upele wa magamba, ambao huwa na wadudu maelfu kwa maelfu, na pengine mwasho wake ni mdogo. Ngozi hutoka kama pumba, na mgonjwa huyo mmoja aweza kuambukiza hospitali nzima, hata kwa mashuka.

CHUPA MOJA KWA WATU SABA

Makosa makubwa hufanywa wakati wa dawa. Baba hununua chupa moja ya benzili benzoeti, yale maji meupe yachomayo, akampaka mtoto anayelia zaidi. Mtoto hupona. Baada ya wiki tatu amerudia kama alivyokuwa, maana ndugu yake wanayelala pamoja hakupakwa. Na baba husema dawa ni ya uwongo. Fedha zimekwenda, na imani imekwenda pia.

Watu wote wa nyumba hupakwa siku moja, wanaowashwa na wasiowashwa. Dawa hupakwa kuanzia shingoni mpaka nyayo, chini ya kucha, katikati ya vidole, na penye mikunjo yote. Watoto wachanga hupakwa na kichwani pia, kwa dawa ambayo mganga ameiruhusu kwa umri wao. Dawa ya permethrini huachwa mwilini usiku kucha, kisha huoshwa, na baada ya wiki moja hurudiwa tena, maana mayai yaliyosalia huwa yameanguliwa. Benzili benzoeti kwa watoto hutiwa maji kwanza, kwa kipimo alichokitaja mwenye dawa, kwa sababu huchoma. Asubuhi ile ile mashuka na nguo zilizovaliwa siku zile za karibuni hufuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani, au kupigwa pasi. Kisichofulika hufungwa ndani ya mfuko kwa siku tatu au zaidi, kwani mdudu akitengwa na mwili wa mtu kwa kawaida hafiki zaidi ya siku mbili tatu.

Baada ya dawa, mwasho waweza kuendelea wiki mbili, hata nne, ijapokuwa wadudu wamekwisha kufa, kwa sababu mizoga na mayai yangali ndani ya ngozi. Wengi hawajui jambo hili, nao hujipaka dawa kila siku mpaka ngozi ikaungua, kisha wakapata ugonjwa mwingine juu ya ule wa kwanza.

Iko pia dawa ya vidonge, ivermektini. Katika visiwa vya Fiji watu wote wa sehemu moja walipewa vidonge hivyo, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2015: kabla ya kazi hiyo watu 32 katika kila 100 walikuwa na upele, na baada ya mwaka mmoja hawakufika 2 katika 100. Dawa hii haipewi mtoto ambaye uzito wake haujafika kilo 15, wala mwanamke mwenye mimba.

Mtu akiuliza kwa nini asumbuke hivi kwa ajili ya vipele, jibu limo katika makucha. Penye ngozi iliyokwaruzwa huingia vijidudu vya usaha, na vijidudu vingine vya namna hiyo hudhuru mafigo. Mtoto mwenye vidonda vya upele akianza kuvimba uso asubuhi, au mkojo wake ukawa na rangi kama ya chai nyeusi, huyo si wa kupakwa marhamu tena. Ni wa kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

MASHAMBA, SARUJI NA SAA YA MKONONI

Si kila mwasho ni upele. Mtu akiwashwa peke yake katika nyumba ya watu wanane, na vipele vyake vikawa mahali pamoja tu, heri atazame kwanza kazi ya mikono yake.

Wakulima wa pareto katika nyanda za juu za Kenya wanaufahamu ugonjwa huu. Ua la pareto, ambalo huua wadudu, lina vitu vingine ndani yake vinavyoweza kuchochea ngozi ya mchumaji. Mmoja huchuma miaka mingi asipate neno. Mwenzake, katika mstari ule ule, huvimba mikono na kope za macho. Pwani, penye mikorosho, ganda la korosho lina mafuta makali yanayobabua ngozi ya wale wanaobangua bila kujikinga. Na mwashi wa nyumba apata taabu yake kutoka kwa saruji: saruji mbichi huunguza, na zaidi ya hayo mna chembe za kromeiti ndani yake ambazo hufundisha ngozi uadui wa kudumu. Mwashi aliyekwisha kupata uadui huo aweza kuwashwa miaka mingi kwa kugusa kidogo tu. Nchi ya Denmark iliweka sheria mwaka 1983 kwamba saruji itiwe chumvi ya chuma ili kuzima ukali wa kromeiti, na maradhi ya waashi yakapungua.

Karani naye hakusalimika. Akiona duara la vipele chini ya saa yake, au chini ya kitovu panapogusa chuma cha mshipi, huenda ni madini ya nikeli yaliyomo katika chuma hicho. Dada aliyepambwa kwa piko arusini, akapata malengelenge yaliyofuata mistari ya maua yale yale, ameonyeshwa na ngozi yake mwenyewe kitu kilichomdhuru. Na akumbuke kwamba dawa nyingi za kutia nywele weusi zina kitu hicho hicho.

UKURUTU WA WATOTO

Ukurutu, ambao wengi huuita pumu ya ngozi, huanza mara nyingi kabla mtoto hajatimiza miaka mitano. Hushika mashavu ya mtoto mchanga, na kwa mtoto mkubwa hushika mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Hauambukizi hata kidogo. Hufuata nyumba zenye pumu ya kifua, au mafua ya vumbi na chavua, na mtoto ambaye wazazi wake wote wawili wana maradhi hayo yuko karibu zaidi kuupata. Ngozi yake ni kama ukuta wa udongo wenye nyufa: maji hutoka, na vichochezi huingia. Mwaka 2006 wataalamu wa Dundee, katika Scotland, pamoja na wenzao waligundua kwamba wagonjwa wengi wa Ulaya wana kasoro ya urithi katika protini moja ya kuimarisha ngozi. Kasoro hiyo huonekana mara chache zaidi kwa Waafrika, kwa hiyo kwao ziko sababu nyingine pia.

Yako mambo yanayouamsha ukurutu uliolala: sabuni kali ya kufulia iliyotumika kuogea, blanketi la sufu, moshi wa jikoni, jasho, upepo mkavu wa kiangazi. Mtoto huyu hufaa kuogeshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, kisha apakwe mafuta mazito ya mgando mwili ungali na unyevu, wala si baada ya nusu saa. Vitabu vingi vya zamani vinasema ukurutu ni mwekundu. Katika ngozi nyeusi huonekana kama weusi uliozidi, au rangi ya majivu, au vipele vidogo vidogo kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa, na kwa ajili ya picha za Wazungu tu wauguzi wengi wameupita bila kuutambua.

Choa nacho huwasha. Chenyewe ni ukungu unaoota katika ngozi na kuenea kwa duara, ukingo wake ukiwa na magamba na katikati pakionekana kama pamepona. Huambukiza, tena mtoto aweza kukipata kwa ndama au paka. Hatari yake ya siku hizi imo dukani. Yauzwa marhamu yenye dawa kali ya kutuliza, kama klobetazoli na betamethazoni, ambayo wengine huyanunua hata kwa kujichubua. Marhamu haya yakipakwa juu ya choa, mwasho hutulia siku mbili tatu, na mnunuzi hufurahi. Chini yake ukungu unalishwa. Duara hupotea, choa huenea bila sura, na hata mganga mzoefu hukitazama asikitambue. Ngozi nayo hukonda mpaka mishipa ikaonekana.

Kwa mtu mzima ambaye ghafula amepata vipele vya kuwasha mikononi na miguuni visivyokwisha kwa miezi, mganga atashauri pia apimwe virusi vya UKIMWI, maana vipele vya namna hiyo vimejulikana kwa muda mrefu kuwa ni dalili mojawapo, nao hutulia kwa dawa za UKIMWI zenyewe. Na mwasho wa mwili mzima usio na vipele vyovyote waweza kutoka ndani: ini, mafigo, au tezi ya shingo.

KAA WA MITO YA NYANZA

Watu wa Nyanza walio wazee sana waliwahi kuujua mwasho mwingine ambao wajukuu wao hawaujui. Kando ya mito yenye kivuli cha msitu, huko Kodera, Kisii, upande wa Kericho na upande wa Kakamega, waliishi watu ambao ngozi zao zilikuwa nene na zenye mikunjo kama za wazee, ijapokuwa walikuwa vijana. Wengine walikuwa na madoa meupe miguuni kama ya chui. Walijikuna kwa vigae na magunzi ya mahindi. Baadhi yao walipofuka.

Maradhi hayo ni usubi. Inzi mdogo mweusi huuma mchana karibu na mto na kutia viluwiluwi vya mnyoo. Mnyoo hukua ndani ya uvimbe chini ya ngozi, na jike huzaa maelfu ya watoto wanaotembea ndani ya ngozi ya mtu. Wakifa humo, mwasho huzidi. Wakifika machoni, hupofusha. Mnyoo mzima huishi miaka 10 na zaidi.

Mwaka 1946 P. C. C. Garnham na J. P. McMahon, waliokuwa wakifanya kazi ya tiba katika Koloni ya Kenya, walitia dawa ya DDT katika mito ya Kodera, na inzi wakatoweka hapo. Lakini liko jambo lililowatatiza. Inzi wa jamii hii huweka watoto wao katika maji yaendayo kasi, juu ya mawe na majani. Mawe ya mito ya Nyanza yalipinduliwa, majani yakakaguliwa, na watoto wa inzi huyu hawakupatikana popote. Mwaka 1950 E. C. C. van Someren na McMahon waliwapata. Walikuwa wameshikilia magamba ya kaa wa mtoni. Kila kaa aliyetembea chini ya mawe alikuwa amewabeba maadui wa wanadamu mgongoni.

Walipokwisha kujua waangalie wapi, kazi ilikwenda kwa hesabu. Tangu 1952 mito ya Nyanza ilitiwa DDT kwa vipimo, mto baada ya mto, na kaa wakakamatwa na kukaguliwa ili kujua kama kazi imetimia. Mwaka 1958 McMahon na wenzake walichapisha habari kwamba inzi huyo amekwisha katika Kenya. Wagonjwa hawakupona siku hiyo. Minyoo iliyokuwa ndani yao iliendelea kuishi na kuzaa, ila hapakuwa na inzi wa kuichukua kwa mtu mwingine. Mwaka 1967 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa miaka 9, 11 na 18 baada ya inzi kuondolewa, yakaonyesha kwamba minyoo ilikuwa imezeeka na kufa pamoja na maradhi yake.

DDT haimwagwi tena mitoni namna ile, kwa sababu ya madhara yake kwa viumbe wengine. Katika nchi ambako usubi ungaliko, kama Tanzania katika milima ya Mahenge, watu hupewa ivermektini, vidonge vile vile vya upele, ambavyo kampuni ya Merck ilitangaza mwaka 1987 kuvitoa bure kwa kazi hiyo. Kwa hiyo mtu wa Kenya aliyekaa miaka mingi katika sehemu kama hizo, akarudi na mwasho usiosikia marhamu yoyote, haimfai kuficha safari zake mbele ya mganga.

Maana mganga, kabla ya kugusa dawa, huuliza. Mwasho ulianza lini? Je, wazidi usiku? Nani mwingine ajikuna nyumbani, na nani analala na nani? Mgonjwa afanya kazi gani, na vipele hupungua akiwa likizo? Je, wazazi wana pumu? Amepaka nini mpaka sasa, na chupa au kopo hilo liko wapi? Swali hili la mwisho wengi hulijibu kwa aibu, wakisema hawakupaka kitu. Heri kopo lenyewe litiwe mfukoni na kuwekwa juu ya meza ya mganga, hata kama karatasi yake imebanduka.